Hindiba na Mchunga: Historia ya Mboga Chungu na Majina Yake

Katika Kiswahili neno uchungu hubeba mzigo mkubwa. Ni ladha ya mwarobaini na shubiri, ni maumivu ya mama ajifunguaye, ni huzuni ya mfiwa, na ni hasira ya mtu aliyedhulumiwa. Basi yastaajabisha kidogo kwamba watu wa pwani, ambao lugha yao imeufanya uchungu kuwa jina la mateso, huenda shambani kwa hiari yao kuchuma jani chungu, wakalipika kwa tui na kulila kwa raha, tena wakaliita mchunga. Si njaa tu iwapelekayo. Aliyelizoea jani hilo hulitamani, na akilikosa kwa muda mrefu hulalamika kwamba mboga nyingine hazina ladha.

Mchunga una jamaa yake katika nchi zinazoizunguka Bahari ya Kati, ambaye Waarabu humwita hindiba, na ambaye kwa Kiingereza huitwa chikori. Mimea hii miwili ni ya tawi moja la ukoo mkubwa uitwao Asteraceae, tawi ambalo ndani yake imo pia saladi ya bustanini. Yote hutoa utomvu mweupe kama maziwa ikivunjwa, na katika utomvu huo ndimo uchungu ukaamo. Lakini historia ya mimea hii haikulingana. Hindiba imeandikwa tangu zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita, ikaingizwa bustanini, ikagawanyika katika aina nyingi na kupewa majina mengi. Mchunga umebaki shambani, na jina lake moja. Nataka kueleza habari za hindiba na majina yake, kisha nirudi kwa mchunga. Kwa maana nadhani historia ya mmoja yaweza kutufunza jambo kuhusu mwingine, na hasa jambo la lugha.

Hindiba ya asili ni mmea wa kandokando ya njia. Huishi miaka mingi kwa nguvu ya mzizi mmoja mnene ushukao chini sana. Majani yake ya kwanza hutandaa juu ya ardhi kama mkeka wa duara, kisha hupanda shina gumu lenye maua ya rangi ya buluu, ambayo hufunguka asubuhi na mara nyingi hufumba kabla ya alasiri. Wajerumani, kwa kuuona mmea huu ukisimama siku zote pembeni mwa barabara, waliuita Wegwarte, yaani mlinda njia, na wana hadithi ya msichana aliyemngoja mpenzi wake njiani hata akageuka kuwa ua hilo. Jina hilo ni la mpita njia. Majina mengine karibu yote ni ya mkulima, ya mpishi au ya tabibu.

Wayunani waliujua vizuri. Theophrastus, mwanafunzi wa Aristotle, anautaja katika kitabu chake cha mimea. Dioscorides, tabibu wa karne ya kwanza baada ya Kristo, anaeleza mboga iitwayo seris, nayo anaigawa katika ile ya porini na ile ya bustanini. Pliny, Mrumi wa zama hizohizo, anasema kwamba huko Misri mboga ya porini huitwa cichorium na ile ilimwayo huitwa seris. Na kwamba Warumi wenyewe wana jina intubum. Msomaji aangalie hapa: tangu mwanzo wa habari zake mmea huu haukuwa na jina moja. Lilikuwako jina la jani lililookotwa na jina la jani lililopandwa, kana kwamba jembe lenyewe linatosha kukifanya kitu kuwa kitu kingine.

Kwa Warumi hindiba ilikuwa chakula cha mtu asiyejikweza. Mshairi Horace, katika mkusanyo wa mashairi yake uliotoka mwaka 23 kabla ya Kristo, anaitaja pamoja na zeituni kuwa chakula kimtoshacho. Lakini yaelekea matajiri nao hawakuidharau, kwa kuwa kitabu cha mapishi kijulikanacho kwa jina la Apicius chaeleza jinsi ya kuiunga kwa mchuzi wa samaki waliochachuliwa, mafuta na vitunguu. Na Wayahudi waliiweka katika ibada. Mishna, iliyokusanywa karibu mwaka 200, inataja mimea mitano ifaayo kuliwa usiku wa Pasaka kwa ukumbusho wa uchungu wa utumwa wa Misri, na mmoja wao huitwa ulshin. Talmudi ya Babeli inalifasiri neno hilo kwa neno la Kiarami, hindebe. Wafasiri wa Biblia ya Kiswahili hawakuwa na haja ya kuingia katika shida hiyo, kwa kuwa Kitabu cha Kutoka chenyewe hakitaji jani kwa jina, bali chataja uchungu wake tu.

Hilo neno la Kiarami latuvusha mpaka kwenye Kiarabu. Hindiba ya Kiarabu, hindebe ya Kiarami, entubon ya Kiyunani na intubum ya Kilatini ni maneno ya nyumba moja, na kutoka humo ndiko lilikotokea neno endive la Kifaransa na la Kiingereza. Nani alimwazima nani, wanazuoni hawajaafikiana. Msomaji asidanganyike tu na silabi za kwanza akadhani kwamba mboga hii ilitoka Bara Hindi.

Matabibu wa Kiislamu waliitukuza sana kwa ajili ya ini. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliandika risala fupi juu ya hindiba peke yake, na shabaha yake ni swali ambalo mpishi yeyote angelicheka: je, hindiba ioshwe au isioshwe? Matabibu waliomtangulia walikataza kuiosha, naye akajaribu kueleza sababu, kwamba nguvu nyepesi ya dawa iko juu ya uso wa jani, na maji huiondoa. Pia yalisimuliwa maneno kwamba hakuna jani la hindiba lisilodondokewa na tone la maji ya Peponi. Ibn Qayyim al-Jawziyya, katika kitabu chake cha tiba, anazitaja riwaya za namna hiyo na kusema wazi kwamba hazikusihi kutoka kwa Mtume. Lakini hata riwaya isiyo sahihi ni ushahidi wa kitu kimoja, nacho ni heshima ambayo watu walilipa jani hili. Hapana aliyejitaabisha kutunga riwaya juu ya magugu.

Sasa nije kwenye jambo ambalo kwangu ni kiini cha historia hii. Mboga nyingi zilizoingia bustanini zilifugwa kwa kuondolewa ukali wao. Mkulima alichagua mbegu za mmea mtamu mwaka baada ya mwaka, hata ule wa porini ukasahauliwa. Saladi ni mfano mzuri: babu yake ni mchungu na ana miiba. Hindiba haikufugwa hivyo. Mwaka 1753 Linnaeus alipoipa jina la kitaalamu, Cichorium intybus, akiyaunganisha majina mawili ya kale katika jina moja, aliipa jina hilo hindiba ya njiani na ya bustanini pia, na hata leo ni mmea ule ule. Kilichobadilika zaidi ni kazi ya mtu. Wakulima waliuacha uchungu mahali pake, wakatafuta njia za kuupunguza kwa kadiri waitakayo, siku ile ile ya kula: kwa giza, kwa baridi, kwa maji na kwa moto. Na kila njia ilizaa jina.

Njia ya giza ni ya zamani. Jani lisiloona jua halijengi ukijani, huwa laini, na uchungu wake hupungua. Mkulima wa kawaida huyakusanya majani ya nje na kuyafunga juu kwa kamba, au huufunika mmea kwa chombo, akaacha wiki mbili au tatu. Wakulima wa Paris walikwenda mbele zaidi: waliing'oa mizizi wakati wa baridi na kuilaza katika vyumba vya chini ya ardhi, ikachipua majani marefu, membamba na meupe, yaliyoitwa ndevu za Mkapuchini, kwa kuwafananisha na watawa wa shirika hilo wenye ndevu. Kisha, katikati ya karne ya kumi na tisa, mkuu wa watunza bustani wa Bustani ya Mimea ya Brussels, aliyeitwa Bréziers, aliifukia mizizi hiyo gizani chini ya udongo. Uzito wa udongo uliyazuia majani yasitawanyike, yakafungamana kama risasi nene ya rangi ya maziwa. Wenyeji wanasimulia pia kwamba kabla yake mkulima mmoja aliificha mizizi yake wakati wa vita vya mwaka 1830, akarudi na kuikuta imechipua. Hadithi hii ni tamu mno kuliko ushahidi wake. Wasemao Kifilemi waliiita witloof, yaani jani jeupe.

Hapo ndipo mkanganyiko wa majina ulipokomaa. Mfaransa huiita mboga hiyo nyeupe endive. Mwingereza huiita chikori, na neno endive amelihifadhi kwa mmea mwingine wa jenasi hiyo hiyo, Cichorium endivia, wenye majani yaliyosokotana, ambao Mfaransa naye huuita chicorée. Kwa hiyo mataifa mawili jirani yamebadilishana majina kama watu waliochukua viatu vya wenzao msikitini, na kila mmoja aona kwamba aliyekosea ni mwenziwe.

Mwandishi amewahi kulipa gharama ya kosa hilo. Nilinunua kwa mfanyabiashara mmoja pakiti ya mbegu iliyoandikwa kwa lugha mbili, nikasoma endive na kulielewa neno kwa Kiingereza, nikaotesha katika kitalu cha nyumbani mahali penye baridi ya milimani. Nilingoja saladi ya majani yaliyosokotana. Ilitoka mimea ya majani marefu yenye afya nzuri kabisa, nami nikawaandalia wageni majani yake mabichi. Mgeni wangu wa kwanza alitafuna mara mbili, akaweka uma chini, akaomba maji. Yale yalikuwa majani ya witloof, ambayo hayakukusudiwa kuliwa mabichi yakiwa yamekua juani. Kiliwacho ni chipukizi la gizani.

Ufundi mkubwa kuliko wote, kwa maoni yangu, ni wa watu wa Treviso, kaskazini mwa Italia, ambako aina nyekundu huitwa radicchio, neno litokanalo na mzizi. Huko mavuno ya aina ya mwisho wa msimu hayaanzi mpaka sakitu, yaani umande ulioganda, iishukie mimea shambani katika mwezi wa Novemba. Kwa baridi hiyo majani huzidi wekundu. Kisha mimea hung'olewa pamoja na mizizi yake, na kusimamishwa gizani katika maji ya chemchemi yatiririkayo, yenye joto la nyuzi kumi na moja hivi, kwa muda wa majuma mawili au zaidi. Maji hayo ni baridi kwa mkono wa mtu, lakini ni ya vuguvugu kwa mmea uliotoka kwenye barafu, nao hudhani kwamba masika yamefika. Moyoni mwake huchipua majani mapya, mekundu kama divai, yenye ubavu mweupe. Majani ya nje, yaliyooza, huondolewa na kutupwa. Mwezi wa Desemba 1900 Giuseppe Benzi aliandaa maonyesho ya kwanza ya mboga hiyo mjini Treviso, na mwaka 1996 jina lake lilipewa ulinzi wa sheria katika Ulaya, ili asiyeifuata kazi hiyo mahali hapo asilitumie. Tazama basi kilicholindwa: sheria inalinda jina la kazi na mahali, maana mbegu mtu aweza kuipanda popote.

Njia ya maji ni ya Roma. Vichipukizi vyenye uwazi ndani, viitwavyo puntarelle, yaani vincha vidogo, hupasuliwa vipande vyembamba na kutiwa katika maji ya baridi mpaka vijikunje kama nywele za kipilipili, na uchungu wao ubaki wa kuamsha kinywa tu. Ndipo huungwa kwa kitunguu saumu, siki, mafuta ya zeituni na dagaa wa chumvi. Ibn Sina angesikitika.

Na njia ya moto ni ya karibu kila mahali. Wayunani wa leo huyachemsha majani na kuyala kwa mafuta na limau. Katika Puglia, kusini mwa Italia, huyaweka kando ya uji mzito wa maharage makavu ya fava, na ule utamu mzito wa maharage huupokea uchungu kama mto upokeavyo kichwa. Huko Lebanoni huyachemsha, huyakamua maji kwa mikono, kisha huyakaanga kwa mafuta na kuyafunika kwa vitunguu vilivyokauka rangi ya kahawia. Mzizi nao, ukaushwapo na kukaangwa, hutiwa katika kahawa au kushika mahali pake. Desturi hiyo ilisitawi Prussia katika karne ya kumi na nane na kuenea zaidi Napoleon alipoizuia biashara ya Uingereza mwaka 1806. Lakini habari za mzizi zina waandishi wake, nami naziacha.

Kwa bustani ya nyumbani kazi yake si ngumu. Mbegu hufukiwa kidogo tu, nusu ya sentimita, na miche huachiana shubiri moja au zaidi kidogo. Hupenda baridi na maji ya mara kwa mara. Joto na kiu huzidisha uchungu na kuharakisha shina la maua, na shina likisha kupanda majani huwa magumu. Mwenye kutaka mboga ya kila juma hukata majani juu kidogo ya shina na kuuacha moyo, nao huchipua tena.

Sasa turudi nyumbani. Mchunga, ambao wataalamu wa mimea huuita Launaea cornuta, una maua ya manjano na shina lenye uwazi ndani, na huenea kwa mizizi itambaayo chini ya udongo. Mkulima akiukata kwa jembe, kila kipande chaweza kuchipua. Kwa hiyo katika shamba la mahindi huhesabiwa kuwa gugu baya. Lakini mkono uukatao huo huo hubagua kwanza majani machanga na kuyatia kikapuni. Huchemshwa, maji ya kwanza humwagwa, kisha hutiwa tui, na mara nyingi huchanganywa na mchicha au majani ya kunde ili uchungu ugawanyike. Utaona kwamba katika njia nne nilizozitaja pwani imezishika mbili, maji na moto, na juu yake imeongeza ya tano, nazi.

Jina lake ni la kale. Wamijikenda huuita mtsunga, na uchungu kwao ni utsungu. Ulinganifu huo wa sauti ni wa kanuni: Mswahili asemapo mchanga, wao husema mtsanga, na nchi kwao ni tsi. Kwa hiyo mchunga na uchungu hutembea pamoja katika lugha hizi zote mbili, jambo ambalo halielekei kutokea kwa neno lililokopwa hivi karibuni kutoka ng'ambo. Yafaa kukiri kwamba irabu ya mwisho inasumbua, kwa kuwa kutoka kwenye sifa -chungu tungengoja mchungu, si mchunga. Huenda majina yote mawili yalitoka katika shina moja lililotangulia. Bila shaka haifai kuuchanganya na mchunga wa mbuzi, ambaye wingi wake ni wachunga, wala na mchungwa uzaao machungwa. Makosa hayo mawili nimeyaona katika tafsiri zilizochapishwa.

Kwa mmea wa Ulaya napendekeza tutumie hindiba, kwa sababu bustani ya Kiswahili imezoea kupokea maneno kwa njia hiyo, kama ilivyopokea figili, na kwa sababu chikori na endive yatatuletea ugomvi wa Mfaransa na Mwingereza ambao hautuhusu. Mfasiri asiandike mchunga mahali pa hindiba, wala saladi chungu, maana kila kimoja ni kitu kingine.

Swali gumu zaidi ni la mchunga wenyewe. Mashamba yaliyo karibu na miji ya pwani yanageuzwa kuwa viwanja vya nyumba, na mboga isiyopandwa na mtu haina mtu wa kuihamisha. Kwa sababu hiyo nilichukua vipande vitatu vya mizizi, nikavipanda nyuma ya nyumba, na viliposhika nikavifunika kwa vyungu vya udongo vilivyopinduliwa, nikivifuata vitendo vya wakulima wa Ulaya. Baada ya siku kumi na mbili majani yalikuwa ya manjano hafifu, laini, na uchungu wake ulikuwa mdogo sana. Nilimpelekea jirani yangu, bibi mmoja ambaye amekula mchunga tangu utoto wake. Aliligeuzageuza jani, akaonja ncha yake.

"Mjukuu wangu," akasema, "huu si mchunga. Huu umeutia maradhi."

Nikamweleza habari za vyungu na giza. Akasikiliza kwa adabu, akaonja tena, safari hii akalimaliza jani zima.

"Si mbaya," akasema. "Lakini mchunga si huu. Huu waitwaje?"

Sikuwa na jina la kumpa.